Wafanyakazi Kumi na Wanane: Mjadala Kando ya Nabuyonga

Hoja iliyo mezani: je, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au pungufu alazimishwe na sheria kuweka utaratibu wa kuzuia unyanyasaji na uonevu kazini, sawa na mwenye mia tano?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 7, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 achukue hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kanuni za mwaka 2012 zikamwongezea sera ya maandishi na mtu maalumu wa kupokea malalamiko. Mwenye watu 25 kushuka chini hakuguswa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha muswada ambao, pamoja na mambo mengine, ungeifuta hesabu hiyo ili jukumu liwe la waajiri wote. Rais Yoweri Museveni akaurudisha bila kuutia saini. Mwaka huohuo Uganda ikaridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo hauulizi mwajiri ana watu wangapi.

Ukipita Mbale, mji unaokatizwa na mto Nabuyonga, utaona hesabu ya 25 inavyowaacha watu nje. Gereji, saluni, kinu cha mahindi, duka la vitambaa, hoteli ya chakula, loji: ni wachache mno wenye watu 26. Jinja, mji wa viwanda, una waajiri wakubwa, lakini nyuma ya kila geti la kiwanda kuna vibanda vya chakula na karakana za watu watano. Sehemu kubwa ya kazi zinazowaweka mjini vijana wa mashariki ya Uganda iko huko.

Sauti nne zinazofuata sikuzipa majina. Nimezitunga kutokana na kazi za wenyewe: mwenye hoteli, mhudumu, mzee wa chama cha wafanyakazi na afisa kazi. Mimi nasimamia zamu tu, na mwishoni nitasema nimeegemea wapi.

MWENYE HOTELI: Nianze mimi, maana ndimi ninayeshtakiwa kabla ya kosa. Nina watu 18: wapishi wanne, wahudumu saba, wa vyumbani watatu, walinzi wawili, mtunza fedha mmoja, na kijana wa kutumwa sokoni. Nawajua kwa majina, na mama zao nawajua. Binti akiugua usiku, bodaboda ya kumpeleka hospitali nalipa mimi. Sasa niambieni, karatasi ya kurasa kumi itanifundisha nini? Kule Jinja bosi hamjui mtu, anajua namba ya kitambulisho. Wao waandikiane. Mimi nina macho.

MHUDUMU: Kwa heshima, Mama, macho yako yako kaunta. Mambo yanatokea meza ya nyuma. Mimi sifanyi kazi kwako, ndiyo maana naweza kusema mbele yako. Mteja anaagiza malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga na bia ya pili. Nikimrudishia chenji, haishiki chenji, anashika mkono, na hauachii. Nikienda kaunta kusema, naambiwa: mchekee, huyo ndiye anayetuletea semina. Saa nne usiku simu inapigwa kutoka chumbani, anataka chai. Si kijana wa sokoni anayeitwa. Naitwa mimi, kwa jina. Bosi wangu naye ananijua kwa jina, na mama yangu anamjua. Hilo halikunisaidia.

MWENYE HOTELI: Huyo ni bosi mbaya. Usinivishe kofia yake.

MHUDUMU: Sikuvishi, Mama. Nauliza tu: kwako, chai ya usiku inapelekwa na nani?

MWENYE HOTELI: Anayekuwa zamu.

MHUDUMU: Na zamu inapangwa na nani?

MWENYE HOTELI: Na msimamizi wangu wa ukumbi. Kijana mwaminifu, nimekaa naye miaka.

MSIMAMIZI WA MJADALA: Tushike hapo kwanza, maana tutalirudia. Afisa, watu wengi wanaamini kwamba chini ya 25 sheria haipo.

AFISA KAZI: Wanakosea, na kosa hilo linawagharimu. Kifungu cha 7 kina mambo mawili. La kwanza ni katazo, na hilo ni la kila mahali. Mwajiri au mwakilishi wake akimwomba mfanyakazi ngono kwa ahadi ya upendeleo, au kwa tishio juu ya kazi yake, ni unyanyasaji. Akitumia maneno au picha za namna hiyo, au akimshika mtu asiyetaka, hata kwa mzaha, kiasi cha kumharibia kazi au raha ya kazi, ni unyanyasaji. Awe na watu wawili au elfu mbili, mfanyakazi anaweza kuja ofisini kwangu kulalamika. La pili ni wajibu wa kuzuia mapema, na hapo ndipo hesabu ya 25 inapoingia. Kwa hiyo kwa Mama mwenye watu 18, sheria inaniruhusu nije baada ya jambo kuharibika, lakini haikumwambia afanye nini lisiharibike.

MZEE WA CHAMA: Na jirani zetu?

AFISA KAZI: Kenya nao wana hesabu. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inamdai sera mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Tanzania hawakuhesabu vichwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauita unyanyasaji aina ya ubaguzi, na wajibu wa kuupiga vita ubaguzi kazini ni wa kila mwajiri. Kwa hiyo anayesema kwamba haiwezekani kumbana mdogo, ajue Tanzania wameshaliandika.

MZEE WA CHAMA: Kuandika ni kazi rahisi, mwanangu. Mimi nimezeekea Jinja. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 viwanda vikafuata umeme: nguo, chuma, mafuta ya kula. Nimefanya kazi katika kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja. Kilikuwa na wafanyakazi wengi, na miaka ya mwisho kulikuwa na sera ukutani, nyuma ya kioo, imepigwa mhuri. Chini ya kioo hicho kila alfajiri vibarua walipanga mstari getini, hawa mnaowaita leja leja. Nyapara anatoka na daftari. Anasoma majina thelathini, nje wamesimama hamsini. Hakuna aliyejua kwa nini jina fulani limo na fulani halimo, ila wote walijua. Mwanaume alimpa nyapara sehemu ya ujira wa juma. Mwanamke aliombwa kingine. Sera ilikuwa kwa Kiingereza. Daftari lilikuwa kwa kalamu ya nyapara.

MWENYE HOTELI: Mmemsikia! Mzee mwenyewe anasema karatasi haisaidii.

MZEE WA CHAMA: Nimesema haisaidii ikiwa peke yake, Mama. Usinikate ulimi katikati. Tazama Kericho, Kenya. Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Hizo si kampuni za watu 18. Unilever ilishawahi kutuhumiwa hivyohivyo zaidi ya miaka kumi kabla, ikatangaza kwamba haitavumilia tena, ikaweka na njia za kutoa taarifa. Karatasi zilikuwepo, vyeti vilikuwepo. Kilichobaki mahali pake ni kwamba msimamizi mmoja ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumpa mtu kazi au kumnyima, na mwenye njaa alilijua hilo kabla hajasoma sera yoyote. Mkiniuliza unyanyasaji unaota wapi, nitawaambia usitazame ukubwa wa kampuni. Tazama nani ameshika orodha, na kama yupo mtu wa pili anayeiona.

MHUDUMU: Kwetu orodha ni ratiba ya zamu. Zamu ya Ijumaa na Jumamosi ndiyo yenye bakshishi. Zamu ya Jumatatu asubuhi unafuta meza tu. Msimamizi wa ukumbi hakutishi. Hakuambii neno. Ukimkatalia, juma linalofuata unajikuta Jumatatu, na la pili Jumatatu, na la tatu. Ukiuliza, anakuambia ni ratiba. Sasa nitakuja kwako, Afisa, niseme nini? Kwamba nimepewa kazi asubuhi?

AFISA KAZI: Ungekuja hivyo, nakiri, ningehangaika na ushahidi. Ndiyo sababu nasema daftari la zamu lihifadhiwe, lisifutwe kila Jumapili. Ratiba za miezi mitatu zikiwekwa pamoja zinasema kitu ambacho shahidi anaogopa kusema.

MWENYE HOTELI: Haya, hilo la daftari nalielewa. Lakini mnazungumza kana kwamba kila anayelalamika ni malaika. Nimeona mimi: binti kakosana na mpishi kuhusu deni la elfu ishirini, kesho yake anasema mpishi kamshika. Jina la mwanaume likishachafuka katika mji mdogo kama huu halisafishiki. Mkeo anasikia sokoni kabla hujafika nyumbani. Mnataka nimfukuze mtu kwa neno moja?

AFISA KAZI: Hakuna anayetaka hivyo, na sheria yenyewe imekataa. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, sharti umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na umsikilize yeye pamoja na mtu aliyemchagua kusimama naye. Ukimfukuza mpishi kwa neno moja, ni mpishi atakayekuja ofisini kwangu, na atashinda. Angalia sasa, Mama: utaratibu unaouogopa ndio unaomlinda huyo mpishi. Pasipo utaratibu kuna mambo mawili tu: ama binti ananyamazishwa, ama mwanaume anafukuzwa kwa hasira ya siku moja. Yote mawili nimeyaona.

MHUDUMU: Niongeze. Watu wanapenda kuuliza, na akisema uongo? Hawaulizi, akisema kweli anapoteza nini? Akilalamika, yeye ndiye anayehamishwa. Mhudumu anapelekwa jikoni «ili apumzike». Jikoni hakuna bakshishi. Anayeshtakiwa amebaki ukumbini. Ukishaona hilo mara moja, wewe nawe utanyamaza, na bosi atasema kwake hakuna malalamiko.

MZEE WA CHAMA: Ukimya ndio ripoti wanayoipenda.

MSIMAMIZI WA MJADALA: Mpaka sasa tumezungumzia ngono. Hoja inataja pia uonevu, na hapo sidhani kama tutaelewana haraka.

MWENYE HOTELI: Hatutaelewana kabisa. Siku hizi ukimkemea mtu ni uonevu. Jikoni saa saba mchana kuna joto, wateja arobaini wanasubiri, sufuria ya posho, ugali wetu, inaungua. Unataka mpishi mkuu aseme «tafadhali ndugu, ungeweza»? Mimi nilifundishwa kazi kwa kelele. Nimekuwa mtu.

AFISA KAZI: Kelele juu ya posho inayoungua ni kelele ya kazi. Haina tatizo. Inaelekezwa kwenye posho, inakwisha posho ikiepuliwa. Mimi naangalia vitu vitatu. Je, maneno yanamlenga mtu au kazi? Je, yanarudiwa kwa mtu yuleyule? Je, huyo mtu ana nafasi ya kujibu bila kuumia? Na Mkataba namba 190 unasema hata tukio moja linatosha, na unataja madhara ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi. Hilo la mwisho watu wanalisahau.

MHUDUMU: Hilo ndilo la sahani. Sahani ikivunjika, unakatwa. Sawa, imevunjika. Lakini inavunjika moja, wanakatwa watano, kwa sababu hakuna aliyesema ni nani. Na bei ya sahani haiko popote. Leo ni elfu tano, kesho elfu kumi, inategemea wewe na msimamizi mnaonanaje juma hilo. Makato yamekuwa fimbo.

MZEE WA CHAMA: Na si wasichana tu. Wewe, Mama, una kijana wa sokoni. Anatoka wapi?

MWENYE HOTELI: Ni Mteso. Katoka Kumi.

MZEE WA CHAMA: Basi nitakuambia anachoitwa jikoni mwako mwaka wa imbalu unapofika. Mnajua wenyewe: kila mwaka unaogawika kwa mbili, Bugisu nzima inacheza ngoma, vijana wanatahiriwa hadharani, na mtu asiyetahiriwa anaitwa musinde. Kwa Mgisu ni jambo la mila, lina heshima yake na mahali pake. Lakini kijana wa kabila lisilotahiri akiitwa musinde mbele ya wahudumu saba, asubuhi na jioni, akiambiwa asiguse chakula cha wanaume, akichunguliwa chooni, hiyo si mila tena. Ni watu wanane kumfanyia mmoja kitu ambacho hawezi kuwarudishia. Na hatakuja kwako kulalamika, kwa sababu kulalamika kwenyewe kutathibitisha walichomwita.

MWENYE HOTELI: Wanataniana. Wagisu na Wateso wanataniana toka zamani.

MHUDUMU: Utani una kujibizana, Mama. Yeye anajibu?

MWENYE HOTELI: …Sijapata kumsikia akijibu.

MSIMAMIZI WA MJADALA: Turudi kwenye hoja. Mama, tuseme unakubali kwamba matatizo yapo hata kwenye nyumba ya watu 18. Bado unaweza kusema kwamba gharama ya kumlazimisha mdogo ni kubwa kuliko faida.

MWENYE HOTELI: Ndivyo ninavyosema. Nalipa leseni, nalipa kodi, nalipa umeme. Mwaka 2022 Nabuyonga ilipofurika, kuna wenzangu walipoteza kila kitu. Bado wanalipa madeni. Sasa aje mtu aniambie niajiri «ofisa wa malalamiko» aliyesoma mambo ya jinsia. Kwa mshahara gani? Nitafunga, na hao 18 watarudi kijijini. Huko watalindwa na nani?

AFISA KAZI: Hoja ya gharama ni halali, na ndiyo iliyoifanya sheria ihesabu vichwa toka mwanzo. Lakini wajibu unaweza kupunguzwa bila kufutwa. Kiwanda kiwe na kamati na mafunzo. Hoteli iwe na ukurasa mmoja kwa lugha inayosomeka jikoni, na watu wawili wanaojulikana. Kosa la sheria yetu ni kuchagua kati ya vyote na hakuna.

Halafu hesabu gharama ya upande wa pili. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wake kwa mradi wa barabara hapahapa Uganda, uliohusisha barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal. Miongoni mwa sababu ni tuhuma kwamba wafanyakazi wa mkandarasi waliwadhulumu wasichana kingono. Baada ya hapo wafadhili wakaanza kuwadai wakandarasi kanuni za maadili zilizosainiwa, na desturi hiyo imeshuka hadi kwa watoa huduma. Shirika linaloleta semina kwenye ukumbi wako, Mama, lina ukurasa kama huo. Siku moja litakuuliza wa kwako uko wapi.

MHUDUMU: Ndiyo, na aliyenishika mkono alikuwa amevaa beji ya semina.

MZEE WA CHAMA: Hapo sheria yetu ina tundu. Afisa ameisoma vizuri: inamtaja mwajiri na mwakilishi wake. Mteja hayumo.

AFISA KAZI: Ni kweli. Mkataba namba 190 ndio unaomwingiza mtu wa nje, mteja akiwemo. Unaifuata kazi mahali inapokwenda: chumba cha kupumzikia, choo, safari ya kazi, simu na ujumbe, nyumba inayotolewa na mwajiri, hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Uganda imeuridhia. Sasa inapaswa kuutafsiri katika sheria zake, na kazi hiyo haijakamilika.

MSIMAMIZI WA MJADALA: Basi kila mmoja aseme anachotaka kifanyike, kitu ambacho mwenye hoteli ya watu 18 anaweza kukianza Jumatatu. Binti, anza.

MHUDUMU: Vitu vinne. Baada ya saa mbili usiku, chakula cha chumbani kipelekwe na watu wawili, au kiachwe mlangoni. Mteja akimshika mhudumu, meza hiyo ichukuliwe na mwanaume, na bosi mwenyewe aende kuongea naye, si mimi nirudishwe kucheka. Bei ya sahani iandikwe ukutani. Na zamu inayoisha usiku, bodaboda ya kutufikisha nyumbani iwe ya hoteli, dereva awe anajulikana.

MZEE WA CHAMA: Mimi nina kimoja, na vingine vyote vinasimama juu yake. Yeyote anayepanga zamu asiwe yeye pekee anayepanga zamu. Orodha ipangwe na wawili, ibandikwe wazi, na mzunguko ujulikane: aliyefanya Ijumaa juma hili hafanyi lijalo. Kule kwenye mashamba ya maua ya kando ya Ziwa Victoria, vyama vya wafanyakazi vimeweka kipengele cha unyanyasaji kwenye mikataba ya pamoja na kuunda kamati za wanawake, kwa sababu walijua mwanamke mmoja mbele ya msimamizi mmoja hana uzito. Hoteli haina chama, sawa. Lakini inaweza kuwa na orodha ambayo mtu mmoja hawezi kuigeuza kuwa malipo.

AFISA KAZI: Mimi nataka wapokeaji wawili wa malalamiko, mwanamke na mwanaume, na mmoja asiwe wa hapo. Anaweza kuwa mwenye biashara jirani, kiongozi wa dini, mwalimu mstaafu, yeyote ambaye wafanyakazi wenyewe wamemkubali. Lalamiko liandikwe tarehe, mahali, nani alikuwepo. Wakati linaangaliwa, anayehamishwa zamu awe mlalamikiwa, na mshahara wake usiguswe mpaka asikilizwe. Na watu waambiwe mlango wangu uko wapi. Ofisi yangu ni moja kwa wilaya nzima, na kuna siku gari halina mafuta. Nisipotajwa huku chini, sijulikani.

MWENYE HOTELI: Nijibu moja moja, nisije nikasemwa kwamba nilikimbia. Chai ya usiku: nakubali, na nimeona haya kwamba sikuifikiria. Bei ya sahani: nakubali. Bodaboda: nitalipa nusu, nusu walipe kwenye bakshishi, tutaelewana. Orodha ya watu wawili: msimamizi wangu atanuna, lakini atanuna akiwa kazini. Kijana wa sokoni nitakaa naye mwenyewe. Lakini mtu wa nje kusikiliza malalamiko ya nyumba yangu? Hapana. Hilo hapana kabisa. Jirani yangu ana hoteli, anataka wateja wangu. Kiongozi wa dini atalipeleka kwenye mimbari. Mambo ya ndani yanasikilizwa ndani. Wakija kwangu, nitawasikiliza.

MHUDUMU: Na wakija kulalamika juu yako?

MWENYE HOTELI: Juu yangu mimi?

MHUDUMU: Wewe ndiye uliyesema mteja wa semina achekewe. Samahani, si wewe. Ni bosi wangu. Lakini kama ingekuwa wewe, binti angemwendea nani?

MWENYE HOTELI: Angekuja kwangu kama mama yake.

MZEE WA CHAMA: Hapo ndipo mjadala wote ulipo, Mama, na sisi hatukuumaliza.

MSIMAMIZI WA MJADALA: Nami nimalizie kwa kusema nimesimama wapi.

Mwenye hoteli ameshinda sehemu moja ya mjadala huu. Sheria ya kurasa kumi, kamati na ofisa wa kulipwa haifai kwa nyumba ya watu 18. Bunge likirudi kwenye suala hili, halipaswi kunakili wajibu wa kiwanda na kuubandika kwenye saluni. Wajibu wa ukurasa mmoja, unaosomwa kwa Kiswahili, Lumasaaba, Lusoga au Ateso, kulingana na walio jikoni, unatosha kuanzia.

Lakini hesabu ya 25 imejengwa juu ya dhana kwamba mahali padogo pana ukaribu, na ukaribu ni ulinzi. Mzee ametuonyesha kwamba ulinzi hautokani na idadi: Kericho palikuwa na maelfu ya wafanyakazi na karatasi za kutosha, na bado orodha ilibaki mkononi mwa mtu mmoja. Mhudumu ametuonyesha upande wa pili, kwamba ukaribu ndio unaoongeza ukimya. Kiwandani kuna bosi wa bosi, kuna chama, kuna idara nyingine ya kuhamia. Katika hoteli ya watu 18 anayeajiri, anayelipa, anayehukumu na anayeweza kushtakiwa ni mtu mmoja, tena ni mtu anayeijua familia yako. Kwa hiyo pale ambapo sheria imesema ulinzi hauhitajiki, ndipo unapohitajika zaidi.

Mambo aliyoyakubali mwenye hoteli ni mazuri, na hayakuhitaji sheria wala fedha nyingi. Yangezuia mengi. Lile alilolikataa, la msikilizaji wa nje, ndilo pekee ambalo hawezi kulitoa kwa wema wake, kwa sababu linahusu yeye mwenyewe. Mwajiri mwema atatengeneza ratiba ya haki. Hakuna mwajiri, mwema au mbaya, anayeweza kuwa msikilizaji huru wa lalamiko dhidi yake. Kwa hiyo naunga mkono hoja, kwa sharti moja: muswada utakaporudi bungeni, waajiri wadogo waachiwe huru kupanga yaliyomo katika ukurasa wao, isipokuwa hili. Kila mahali pa kazi, hata pa watu watatu, pawe na jina la mtu wa nje anayeweza kuendewa, jina ambalo wafanyakazi wamelikubali na mwajiri hawezi kulifuta. Mwenye hoteli akiona jirani yake hafai, amtafute mwingine. Kuchagua ni haki yake na ya watu wake 18. Kutochagua mtu yeyote ndiko kusikokubalika.